Dakika Tatu za Matangazo ya Vifo

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Leo nimerudisha funguo za kabati la darasa la tano. Miaka tisa ya chaki imeisha. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nina akili timamu, kuacha ajira ya serikali ili nikasome habari kwenye televisheni ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyeiona. Nikamwambia itaonekana.

"Getruda Shimba," akasema, "kichwa chako ni jiwe."

"Mwanza nzima imekaa juu ya mawe, mwalimu, na watu wanaishi."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Studio yetu ni ghala la pamba hapa Mkuyuni. Mzee Revocatus alilinunua soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi, na sasa redio na televisheni nazo zimefunguliwa, kaamua kujaribu tena. Ukutani tumegandisha trei za mayai ili sauti isirudi. Ukipiga makofi, nyuzi za pamba ya miaka ile bado zinadondoka kutoka kwenye kenchi. Kamera ni moja. Anayeishika ni Modesta, ambaye mpaka mwezi jana alikuwa akipiga picha za harusi, kwa hiyo kila nikianza kusoma ananisogelea usoni kana kwamba nitalia.

Tuna miezi miwili. Ufunguzi ni siku ya Uhuru. Siku mbili baadaye mkaguzi wa masafa anakuja kutoka Dar. Asiporidhika, masafa yanakwenda kwa wengine.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jaribio la kwanza. Mtambo wa kurushia uko kileleni mwa mlima nyuma yetu, na fundi wake ni Longino, Mhaya wa Bukoba, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Tunaongea naye kwa redio ya upepo. Saa tisa akasema, "Rusheni." Tukarusha. Mdogo wangu Teodora, anayeuza vitenge sokoni, alikuwa amekaa baa ya jirani mbele ya televisheni. Akaja mbio.

"Dada, nimekuona! Ila una vichwa viwili."

Longino kasema ni mawimbi. Yanafika kwenye televisheni moja kwa moja, halafu yanafika tena baada ya kugonga mwamba. "Mawe ya Mwanza hayana adabu," kasema. Amekesha na antena yake mpaka nimebaki na kichwa kimoja.

Ilemela hawaoni kitu. Mlima umewakinga.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati likapiga kelele mpaka sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Modesta akanionyesha kwa mkono: endelea. Nikaendelea. Waliokuwa wakitazama wanasema midomo yangu ilikuwa ikicheza tu kama samaki.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tumepandisha marobota ya pamba darini, kumi na nane. Mvua sasa inasikika kama mtu anayetembea chumba cha pili. Mgongo unauma.

Jumanne, 28 Oktoba

Sitaki kuandika lakini nitaandika. Katika habari za majaribio kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Kwenye karatasi niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu: *wakazi wamepiga kura*. Kinywani ikatoka "kula". Nikasikia kosa, nikataka kusahihisha, nikasema "kula" tena kwa nguvu zaidi.

Baa nzima ilicheka. Teodora aliniambia wazi, maana hajui kuficha: "Kuna mmoja alisimama na sahani ya ugali akasema, mimi nimeshapiga."

Nimefundisha watoto kuandika kura na kula kwa miaka tisa na hakuna aliyekosea daftarini. Kalamu yangu ni safi. Ulimi ni wa nyumbani kwetu Magu, nilikozaliwa, na sitauomba msamaha.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Mzee Revocatus kamleta mtangazaji kutoka Dar, anaitwa Alexander. Ana sauti ya kumfanya mtu anunue kitu asichokihitaji. Kaniambia mbele ya wote: "Dada Getruda, usikasirike, lakini televisheni si darasa. Watu watatucheka."

"Walishacheka," nikamjibu. "Na bado wanawasha."

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeitwa ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mama. Habari atasoma Alexander."

"Na mimi?"

Mzee Revocatus akaangalia dirishani. "Matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea. Dakika tatu, baada ya habari."

Nilitaka kuinuka na kwenda zangu. Kisha nikafikiria kabati la darasa la tano na uso wa mwalimu mkuu. Nikasema nitasoma. Wakidhani wameniweka pembeni, nitakaa hapo hapo pembeni mpaka watu wageuze viti.

Ijumaa, 14 Novemba

Wadudu wa ziwani. Waliingia kama moshi, wamefuata taa. Alexander alimeza watatu katikati ya bei ya pamba. Mimi zamu yangu ilipofika niliwaacha watembee usoni. Longino kasema redioni, "Mwalimu, umekuwa kama sanamu." Nadhani alinisifu.

Alhamisi, 20 Novemba

Watu wameanza kuleta matangazo. Barabara zimekatika, barua hazifiki, na mtu akifariki ndugu wa kata ya pili hajui. Wanakuja na karatasi zilizolowa, wanasimama mlangoni na viatu mkononi. Jana niliumwa koo, Alexander akasoma kwa niaba yangu. Akafika kwenye jina la marehemu Ng'wandu, akasema "Nguandu". Jina la kijiji, Ng'hungumalwa, lilimshinda kabisa, akaliruka. Yaani msiba ukabaki bila mahali.

Mtoto wa marehemu alikuja leo asubuhi. Hakugomba. Alisema tu, "Mlimwita baba yangu kwa jina la mtu mwingine."

Nikalisoma upya, koo likiuma vilevile. Nikasema kila jina kama linavyosemwa na mama wa mtu huyo. Teodora anasema baa ilinyamaza, hata waliokuwa wakicheza karata.

Alhamisi, 27 Novemba

Longino kafunga mtambo mdogo wa kupokea na kurusha tena juu ya mwamba, ng'ambo ya mlima. Ilemela wanaona! Alirudi amechubuka magoti, shati jeupe limekuwa jekundu kwa udongo. Nilimpikia sato. Alikula, akashukuru, akaondoka.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Umeme ulikatika mara nne. Jenereta linanguruma kuliko Alexander.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Alexander kaja dawatini kwangu na karatasi. "Dada, hii Ng' inatamkwaje hasa?" Nilimfundisha kama nilivyowafundisha watoto: anza kama unataka kuguna, usiifikie g. Kaguna dakika kumi. Hakuipata, lakini aliomba. Sikumtegemea kuomba.

Jumatatu, 8 Desemba

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia mngurumo nikadhani radi. Radi huisha. Huu uliendelea kushuka.

Kulipopambazuka tuliona mlima wa Mawe Matatu, mtaa ulio juu yetu, una mahali papya peupe kama pengo la jino lililong'oka. Jiwe moja, kubwa kuliko kanisa, limeteleza kwenye udongo uliolowa na kupita juu ya nyumba.

Nilimwamsha Modesta akachukua kamera. Tulipanda kwa mikono. Sitaandika yote niliyoyaona. Wanaume walikuwa wakichimba kwa majembe na masufuria. Watoto walikuwa wametawanywa na majirani waliowaokota gizani na mvua: wengine kanisani kwa Walutheri, wengine zahanati, wengine kwenye nyumba za watu wasiojulikana, maana kila mtu alimshika mtoto aliyemkuta na kukimbia naye. Wazazi walikuwa wakizunguka huku na huko, kila mmoja akiita jina la mwanawe, na majina yalikuwa yanagongana hewani.

Mama mmoja alinishika mkono. Anaitwa Kashindye, huuza dagaa. Alikuwa amefunga khanga moja tu na hakuona haya.

"Wewe si ndiye wa matangazo ya vifo?"

"Ndiye, mama."

"Mimi sina kifo. Nina watoto wawili. Nitangazie."

Nikaandika. Mayala, miaka saba, shati la shule, kovu juu ya jicho la kushoto. Evelina, miaka minne, gauni la njano.

Kufikia adhuhuri daftari langu lilikuwa na majina ya watoto kumi na tisa wanaotafutwa, na kumi na wanne niliowaona kwa macho yangu, kila mmoja alipo. Na majina matano ya waliofariki, niliyopewa na watu wao wakiwa wamekaa karibu nao.

Mchana Mzee Revocatus aliichukua kanda mkononi mwa Modesta.

"Kesho ni sikukuu," kasema. "Mheshimiwa mkuu wa mkoa anakuja kutufungulia. Ameshapiga simu. Anasema waliofariki ni wawili, na tusiwatie watu hofu. Hii itaonyeshwa keshokutwa."

"Mzee, watoto hawajulikani walipo."

"Nimesema keshokutwa, Getruda."

"Keshokutwa watakuwa wamelala wapi?"

Akaifungia kanda kabatini. "Wakituchukulia masafa haya, hutamtangazia mtu yeyote kitu chochote. Umenielewa? Nyumba yangu iko rehani kwa ajili ya televisheni hii."

Si mtu mbaya. Ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Jumanne, 9 Desemba

Niandike taratibu, kwa mpangilio, kabla watu hawajaanza kuisimulia wanavyotaka.

Asubuhi nilinunua karatasi za manila. Hatuna mashine ya kuonyesha maneno kwenye kamera, huwa tunaandika kwa kalamu nene na mtu anashika karatasi chini ya lenzi. Niliandika karatasi kumi na moja. Teodora alikaa nami akisoma daftari kwa sauti. Alipofika kwa Evelina, gauni la njano, akasema, "Andika kubwa, dada."

Saa kumi wageni walikaa chini ya turubai uwanjani, mbele ya televisheni nne. Ngoma zilichezwa kwenye matope. Mheshimiwa alikata utepe akasema Mwanza sasa imeingia duniani. Mvua ikaanza tena, hotuba ikafupishwa, nikaishukuru mvua kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Saa kumi na mbili Alexander alisoma habari. Alivaa suti. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kuhusu Mawe Matatu aliandikiwa sentensi moja: *Mvua zinazoendelea zimeleta usumbufu mdogo katika baadhi ya maeneo ya mji.* Alipofika hapo alisimama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kamera nikisubiri zamu, nikaona akiirudia karatasi kwa macho. Akaisoma. Akamaliza, akatoka kwenye kiti bila kunitazama.

Nikakaa. Nilikuwa na dakika tatu.

Modesta akainua kidole. Nikasema:

"Haya ni matangazo ya vifo. Wafuatao wamefariki dunia jana alfajiri, mtaa wa Mawe Matatu, kwa kuangukiwa na jiwe."

Nikayasoma matano. Jina, baba, kijiji cha asili, walioachwa. Nje vicheko vilikatika. Sikuwasikia wakinyamaza, nilisikia mvua ikiongezeka, na ndivyo nilivyojua.

"Sasa yafuatayo ni matangazo ya waliopotea na waliopatikana. Wako kanisani kwa Walutheri: mtoto wa kike, miaka kama mitatu, anajiita Neema, hana kiatu cha kulia."

Karatasi ya manila iliyokuwa imeegeshwa kwenye kigoda ikaanguka. Modesta hakuweza kuiacha kamera. Nilikuwa naendelea kwa kichwa, nikijua sitafika mbali, nikaona mikono yenye suti inaiinua. Alexander alikuwa amepiga magoti chini ya lenzi. Akaishika karatasi sawasawa, na kila nilipomaliza moja akaibadilisha.

Mlangoni akatokea kijana wa mheshimiwa, akifuatiwa na Mzee Revocatus. Kijana alikuwa akinong'ona lakini maikrofoni yetu ni kali, na watu wa Mkuyuni wanasema walimsikia: "Zima! Mheshimiwa amesema zima!"

Mzee Revocatus akachukua redio ya upepo. "Longino. Longino, kata mawimbi."

Ikaja sauti ya Longino, ya adabu kabisa: "Sikusikii, bosi. Mvua."

"Nimesema kata!"

"Mvua ni kubwa sana huku juu, bosi."

Nikaendelea. Shati la shule, kovu juu ya jicho la kushoto. Gauni la njano. Sijui ni mara ngapi nilichanganya r na l. Hakuna aliyecheka. Nilisoma dakika ishirini na mbili, mpaka karatasi ya kumi na moja. Kisha nikasema jina langu kamili ili wasipate shida ya kumtafuta mwenye makosa.

Nilipotoka, viti vya wageni vilikuwa vitupu. Mheshimiwa alikuwa ameondoka. Wengine walikuwa wamekwenda kanisani na mablanketi.

Alexander alikuwa akijipangusa matope magotini. Akasema, "Ile sentensi niliyosoma." Hakuimalizia.

Jumatano, 10 Desemba

Watoto kumi na mmoja wamechukuliwa na watu wao tangu jana jioni. Na asubuhi hii mwanamke wa Ilemela alifika getini na mvulana mgongoni. Alimchukua gizani Jumatatu na kukimbilia naye kwa dada yake, na tangu hapo mtoto hakusema neno hata moja, hata jina. Aliona tangazo kwa jirani, akainua nywele za mtoto, akakuta kovu.

Teodora alikwenda kumwita Kashindye. Sitausahau mlio alioutoa. Mayala akasema neno lake la kwanza: "Mama, Evelina aliniachia mkono."

Mchana ikaja barua yenye mhuri wa ofisi ya mheshimiwa. Mtangazaji Getruda Shimba ametia chumvi idadi ya vifo, ambavyo ni viwili tu, na kuleta taharuki. Aombe radhi hewani si zaidi ya Ijumaa, la sivyo ofisi itaandika Dar kuzuia kibali. Mzee Revocatus aliiweka mezani akaketi.

"Soma tu hiyo karatasi, mama. Dakika moja. Uniokoe."

"Nikiisoma, nitakuwa nimewaua tena watu watatu kwa mdomo. Nitasema watatu kati ya wale hawakufa."

"Hawatajua."

"Mama zao watajua."

Akaweka kichwa mikononi. Sikumhurumia, kisha nikamhurumia, kisha nikaacha.

Alhamisi, 11 Desemba

Mkaguzi wa masafa amekuja. Mwembamba, miwani, mwavuli. Alipanda mlimani na Longino, akapima, akashuka na kuomba soda. "Mawimbi yenu ni safi," kasema. Kuhusu maneno hakuuliza. Ripoti yake itapelekwa Dar, na barua ya ofisi ikiifuata nyuma, Mungu anajua.

Saa kumi jioni walivunja kipande kimoja kilichomeguka kwenye jiwe. Walimpata Evelina.

Nilikwenda kwa Kashindye. Alikuwa amekaa sakafuni, Mayala kalala mapajani mwake. Alisema, "Mwalimu, uliwasoma watano. Wa kwangu hukumsoma."

Nikamwandika daftarini, chini ya wale watano.

Ijumaa, 12 Desemba

Saa kumi na mbili nilikaa kwenye kiti. Alexander alimaliza habari mapema kwa makusudi. Mzee Revocatus alisimama nyuma ya Modesta na nakala ya barua mkononi, akifuatilia mstari kwa mstari. Mimi sikuandika karatasi ya manila.

Nikasema:

"Ofisi imenitaka niombe radhi kuhusu idadi ya waliofariki Mawe Matatu. Naomba radhi. Jumanne nilitaja watu watano. Idadi hiyo haikuwa sahihi. Ni sita. Wa sita ni Evelina, miaka minne, binti wa Kashindye. Nawaomba radhi mama yake na kaka yake Mayala kwa kuchelewa kumtaja. Mazishi ni kesho saa nane mchana, Mawe Matatu."

Modesta hakuizima kamera. Hakunisogelea usoni, alikaa pale pale.

Nilidhani Mzee Revocatus atapiga kelele. Aliikunja ile barua mara mbili, akaitia mfukoni, akakaa juu ya boksi la kanda kama mtu aliyepanda mlima.

"Umesema mazishi ni saa ngapi?"

"Saa nane, mzee."

"Basi kamera itoke hapa saa tano. Njia ni matope." Akampa Modesta ufunguo wa kabati. "Na ile kanda ya Jumatatu itoe."

Jumamosi, 13 Desemba

Tumemzika. Mvua haikutuonea huruma, tulisimama ndani yake. Barua ya pili imefika, ndefu kuliko ya kwanza. Sijaifungua. Picha zote zinarushwa leo saa kumi na mbili, na nitasoma mimi.